Mbuyu Uliopukutika Majani Haujafa

Kila mwaka, kipupwe kinapokolea na upepo wa kusi ukikaza, wananchi hutujia na ombi lile lile: mbuyu wa bustani ya mtaa wao umekauka, basi ukatwe kabla haujamwangukia mtu. Mara nyingi tukifika tunaukuta mti huo u mzima kabisa. Mbuyu hupukutisha majani yake yote wakati wa ukame kwa sababu maji mengi hupotea kupitia majani, nao umeyahifadhi maji yake ndani ya shina. Mwenye shaka na akwaruze gamba kidogo tu kwa ukucha. Chini yake ataona utando wa kijani, ambao huuwezesha mti kujitengenezea chakula hata pasipokuwa na jani hata moja.

Vuli ikikaribia, matawi huanza kuchipua, na maua nayo hutokea. Ua la mbuyu ni jeupe, lenye petali tano, huning'inia kwa kikonyo kirefu na hufunguka magharibi inapoingia. Kesho yake huwa limeshaanza kusinyaa na kugeuka kahawia. Harufu yake si ya asumini wala ya kilua, bali ni nzito na yenye uchachu, nayo huwavuta popo walao matunda, ambao hubeba chavua kutoka mti mmoja hadi mwingine. Wanaowapiga popo mawe jioni wanajinyima mabuyu.

Miti mingine ya bustanini ina nyakati zake, ingawa si yote ni ya asili yetu: mkungu, ambao majani yake huwa mekundu kabla ya kuanguka, umetoka Asia, na mkrismasi unaochanua kuelekea Disemba umetoka Madagaska.

Kinachonisikitisha zaidi ni miche. Jani la mbuyu mkubwa limegawanyika mithili ya vidole vya mkono, vitano hadi saba, lakini la mche mchanga ni moja lisilogawanyika, kwa hiyo wafyekaji huung'oa pamoja na magugu ya masika wakidhani ni gugu jingine. Tunawaomba wausimamishie kijiti pembeni ili uonekane.

Kuhusu mbuyu mkubwa mnaodhani umekauka, subirini vuli. Mvua zikimalizika na matawi bado ni matupu, na gamba likikwaruzwa likawa la kahawia hadi ndani, hapo tuiteni.