Maana ya antigraviti, na kwa nini chombo cha Ngomeni kilihitaji moto

Antigraviti ni dhana inayodai kwamba uvutano wa dunia unaweza kukingwa, kupunguzwa au kugeuzwa mwelekeo kwa kutumia kifaa fulani, kama makuti yanavyokinga mvua, hata kitu kizito kikapanda angani pasipo kusukuma wala kuegemea chochote. Dhana hii ina jirani yake ambayo mara nyingi huchanganywa nayo, nayo ni ile ya chombo kinachojisukuma chenyewe bila kutupa kitu chochote nyuma yake. Ya kwanza inagombana na uvutano. Ya pili inagombana na kanuni ya mwendo.

Kwa watu wa Malindi jambo hili si la mbali. Kaskazini mwa mji wetu, katika bahari ya Ngomeni, yapo majukwaa ya chuma ambayo Waitaliano waliyatumia kurushia setilaiti kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, iliruka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina la Uhuru. Setilaiti hiyo ilikuwa na uzito wa takriban kilo 140, lakini roketi ya Scout iliyoibeba ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 15, na sehemu kubwa ya uzito huo ilikuwa fueli ya kuchomwa kwa dakika chache tu. Mahali penyewe palichaguliwa kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia humpa mrushaji kasi ya bure ya takriban kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Hata hivyo, kasi inayohitajika ili kitu kibaki kikiizunguka dunia ni karibu kilomita 28,000 kwa saa. Anayezitazama hesabu hizo hawezi kumlaumu mtu anayetamani njia nyingine, na mimi simlaumu.

Kabla ya kuyapima madai hayo, inafaa kutenga vitu ambavyo huitwa antigraviti kimakosa. Puto hupanda kwa sababu hewa inayolizunguka ni nzito kuliko gesi iliyo ndani yake. Treni ya sumaku huelea juu ya reli kwa sababu nguvu za sumaku zinaiinua, na uzito wake wote bado unabebwa na reli. Wanaanga nao huonekana wakielea si kwa sababu uvutano umekoma: katika kimo cha kilomita 400 uvutano ungali karibu asilimia 90 ya ule wa hapa chini. Wao na chombo chao wanaanguka pamoja mfululizo, huku kasi yao ya kwenda mbele ikiwafanya waikose dunia kila wakati.

Ugumu wa kukinga uvutano unaeleweka vizuri mtu akifikiria kapi ya kisima. Tuseme tumepata bamba linalokinga uvutano, tukaliweka chini ya upande mmoja wa gurudumu la kapi. Upande ulio juu ya bamba utakuwa mwepesi na upande wa pili utabaki mzito, basi gurudumu litazunguka siku na miaka, likichota maji bila mtu, bila punda na bila mafuta. Nishati hiyo yote ingetoka wapi? Umeme unaweza kukingwa kwa kuwa una chaji za aina mbili zinazobatilishana, lakini maada yote tuliyowahi kuipima huvuta, haisukumi. Mwaka 2023 watafiti wa CERN, maabara kubwa ya fizikia huko Uswisi, walitoa matokeo ya kuangusha atomi za antihidrojeni, ambazo ni maada kinyume, yaani pacha wa maada ya kawaida mwenye chaji zilizogeuzwa, wakaona kwamba nazo huanguka chini.

Kuhusu chombo kinachojisukuma, mwalimu bora ni mkondo wa Lamu. Mwenye mashua akichomeka upondo kwenye tope na kuusukuma, mashua huenda; akipiga kasia, maji hurudi nyuma na mashua huenda mbele. Lakini akisimama ndani ya mashua na kuusukuma mlingoti kwa nguvu zake zote, hafiki popote, kwa maana miguu yake inairudisha mashua nyuma kwa kadiri ileile ambayo mikono yake inaisukuma mbele. Newton aliiandika kanuni hiyo mwaka 1687. Roketi haivunji sheria hiyo, kwa kuwa gesi inayotoka kwa kasi ndiyo maji yake ya kasia. Kwa hiyo mtu akikuletea habari za injini mpya, swali la kwanza la kumuuliza ni hili: inasukuma nini?

Thomas Townsend Brown, Mmarekani, alipata hataza ya Uingereza mwaka 1928 akidai kwamba umeme wa volti nyingi huzaa msukumo wenye uhusiano na uvutano. Vifaa vya namna hiyo vinaruka kweli: ukitengeneza fremu nyepesi yenye waya mwembamba juu na karatasi ya alumini chini, kisha ukaipa maelfu mengi ya volti, itainuka. Kinachoiinua ni upepo. Umeme huzipa chembe za hewa chaji, chembe hizo hukimbilia alumini zikiikokota hewa nyingine kwenda chini, na hewa ikiondolewa, msukumo nao hutoweka. Jambo hilo lilipoeleweka kwa jina lake halisi lilizaa matunda, kwani mwaka 2018 wahandisi wa chuo cha MIT walirusha ndege ndogo isiyo na panga wala sehemu yoyote inayozunguka, ikiendeshwa na upepo huohuo wa umeme.

Eugene Podkletnov, aliyekuwa Finland, alidai katika miaka ya 1990 kwamba vitu vilivyowekwa juu ya sahani ya kauri maalumu, iliyopozwa mno na kuzungushwa kwa kasi, vilipungua uzito kidogo. Mwaka 2003 watafiti wengine walichapisha jaribio la namna hiyo, nao hawakuona upungufu wowote.

Dai lililowasumbua wataalamu zaidi ni la EmDrive, kopo la shaba lililofungwa pande zote na kujazwa mawimbi ya maikrowevu, ambalo Roger Shawyer wa Uingereza alianza kulitangaza mwaka 2001 akidai kwamba linajisukuma bila kutupa chochote nyuma. Mwaka 2016 kikundi cha NASA kiliripoti msukumo wa milinewtoni 1.2 kwa kila kilowati. Kani ndogo kiasi hicho huweza kuigizwa na waya uliovutwa na sumaku ya dunia, au na chuma kilichotanuka kwa joto. Martin Tajmar na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walitumia miaka wakiziba mianya hiyo mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2021 wakaonyesha kwamba joto lilikuwa likiipinda mizani. Walipobadilisha namna ya kukining'iniza kifaa, msukumo haukuonekana tena. Kwangu mimi kazi hiyo ya subira ina heshima kubwa kuliko ahadi zote zilizoitangulia.

Njia mbadala za kweli zipo, na kila moja inajibu lile swali la kasia. Chombo cha Dawn, kilichorushwa mwaka 2007, kilitupa nyuma ioni, yaani chembe zenye chaji, za gesi ya zenoni, na kani yake ya juu kabisa ililingana na uzito wa karatasi mbili za kuandikia. Lakini kwa kusukuma hivyo kwa miaka kilifika Vesta, kisha Ceres, magimba mawili yanayolizunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Mwaka 2010 Wajapani walitandaza angani IKAROS, tanga la mraba jembamba kuliko unywele, likasukumwa na mwanga wa jua wenyewe, na nahodha wa jahazi angetambua mara moja kwa nini lilihitaji kuelekezwa pembe. Vyombo hivyo viwili, hata hivyo, visingeweza kujiinua kutoka jukwaani Ngomeni hata kwa unene wa ukucha. Vilianza safari yao baada ya roketi ya moto kuvifikisha huko juu.