Kivuli sio giza, jamani

Wiki hii tena nimeulizwa, triliamu yangu (lile ua la msituni la nchi za baridi, lenye majani matatu) mbona imegoma na mimi nimeiweka kwenye kivuli kabisaa? Kivuli kipi, nikauliza. Kumbe ni nyuma ya ukuta, jua halijafika pale tangu nyumba ijengwe. Hapo ni stoo bwana, sio kivuli.

Triliamu, hepatika na wenzake kwao ni chini ya miti inayopukutisha majani, na ujanja wao wote uko kwenye ratiba: machipuko yakianza miti bado iko uchi, jua linashuka mpaka chini, basi hapo zinakimbizana kutoa majani, kuchanua, kujaza akiba kwenye raizomu, yaani shina la chini ya udongo, mpaka miti ifunge paa. Hizo wiki chache ndio sehemu kubwa ya mshahara wa mwaka mzima. Ukizinyima hilo jua hazifi leo wala kesho, ndo maana watu hawashtuki, zinasinyaa polepole, mwaka huu ua moja, mwakani majani tu, mwisho unalaumu aliyekuuzia mche. Arisema, mmea mwingine wa kivulini, ndo inakuonyesha wazi: ikiwa na akiba ndogo inatoa ua dume, ikinenepa inakuwa jike ibebe mbegu, ikidhoofika inarudi dume. Sasa kama yako imekaa dume miaka nenda rudi, ina njaa hiyo.

Halafu chini ya mti wenye mizizi ya juujuu hata mwanga ukiwepo maji hamna, mti umeshayanywa. Hapo panda epimediamu, nayo ni ya kivulini, ikishakamata inavumilia, mambo ya triliamu sahau.

Na usikate ua la triliamu ukaweke kwenye chupa, ukikata na kikonyo chake umeondoka na majani yote matatu, na kutoka kwenye mbegu inaweza kufika miaka 7 kabla ya kuchanua. Miaka saba!

Ila kwenye maji ya kiangazi, triliamu ikishalala, yaani majani yakishapotea, sijifanyi bingwa. Vitabu vinasema udongo usikauke, nikatii, nikaozesha raizomu nzuri tu, na moja niliyoisahau kabisa ikarudi na vikonyo vitatu. Siku hizi natandaza majani yaliyooza, namwagia kidogo pakikauka sana, basi. Na majani yakipotea usianze kufukua ukidhani imekufa, imelala hiyo. Chomeka kijiti tu, maana utakuja kupitisha jembe hapohapo, mimi nimeshafanya hivyo mara mbili.