Mgongo haujavunjika: dhana zinazozidisha maumivu sugu ya neva na uti wa mgongo

Kiswahili kimeupa mshipa kazi nyingi mno. Mshipa wa damu ni mshipa, wa fahamu ni mshipa, kano nayo wengi huiita mshipa, na hata ngiri hupewa jina hilohilo. Kwa hiyo mtu akiambiwa "mshipa wako umebanwa mgongoni", anatoka pale akiamini kuna kitu kimeziba na damu haipiti, na anaanza kutafuta cha kuzibua. Kumbe alichoambiwa ni habari ya neva, uzi unaopeleka taarifa kati ya mguu na ubongo. Neva si bomba. Inaweza kubanwa, kuvimba, kukosa virutubisho au kuharibiwa na kisukari, lakini haizibuliwi.

Picha hii ya mwili kama mfereji ulioziba, au mashine yenye nati iliyolegea, ndiyo mama wa dhana karibu zote zinazofuata. Kwa maumivu ya wiki moja baada ya kunyanyua mzigo, haina madhara makubwa. Kwa maumivu sugu, yaani yaliyovuka miezi 3, inamfanya mtu azunguke miaka mingi akiitafuta nati hiyo, huku sehemu kubwa ya tatizo ikiwa imeshahamia kwenye mfumo unaopokea na kutafsiri maumivu yenyewe.

"Kipimo kimeonyesha diski imetoka, basi mgongo umekwisha"

Diski ni mto laini ulio kati ya pingili mbili za mgongo. Kwa maoni yangu hii ndiyo dhana inayolemaza watu wengi kuliko zote, na mara nyingi huanza na karatasi ya majibu ya MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili, isiyofafanuliwa na mtu.

Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 za watu 3,110 waliopigwa picha za uti wa mgongo ilhali hawana maumivu yoyote. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Kwenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Diski zilizotuna zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao na asilimia 84 ya wazee. Rudia tena: hawa wote walikuwa hawaumwi. Kwa hiyo neno "kuchakaa" kwenye majibu yako linaweza kuwa chanzo cha maumivu, na linaweza vilevile kuwa mvi tu, ila mvi zilizoota ndani.

Tena diski haitoki mahali pake kama sahani inayoteleza kabatini. Imeshikamana na pingili za juu na chini yake kwa nguvu. Kinachotokea ni kwamba kiini chake laini kinapenya kwenye ganda la nje na kugusa au kuchokoza neva, na hapo ndipo mguu unapopigwa shoti kutoka makalioni hadi wayo, maumivu yanayoitwa siatika. Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi ni kwamba askari wa mwili hukishambulia kipande hicho na kukila taratibu, na vipande vikubwa vilivyochomoza zaidi ndivyo mara nyingi hunywea kuliko vidogo. Siatika nyingi hupungua ndani ya wiki chache hadi miezi 3 bila kisu.

Je, upasuaji ni upuuzi? Hapana. Utafiti wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2007 uliwafuata wagonjwa 283 wenye siatika kali iliyodumu wiki 6 hadi 12. Nusu walipasuliwa mapema, nusu wakaendelea na tiba nyingine, na baadhi yao walipasuliwa baadaye waliposhindwa kuvumilia. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 95 katika kila kundi walisema wamepona. Kwa hiyo kwa wengi kisu kinanunua muda, na kwa mtu asiyelala usiku muda huo una thamani kubwa. Lakini kinatibu mguu vizuri kuliko kinavyotibu mgongo. Anayeumwa mgongo peke yake, bila neva iliyobanwa, asitarajie matokeo ya jirani yake aliyepasuliwa kwa siatika.

"Kinachouma kimeharibika"

Mwaka 1995 jarida moja la madaktari wa Uingereza lilisimulia kisa cha fundi ujenzi wa miaka 29 aliyeruka na kutua juu ya msumari wa sentimita 15. Msumari ulipenya soli ukatokea juu ya kiatu. Kila ukitikiswa kidogo alipata maumivu makali, ikabidi apewe dawa nzito za kutuliza. Walipouchomoa na kumvua kiatu, wakakuta umepita katikati ya vidole. Mguu ulikuwa mzima kabisa.

Fundi yule hakuwa anaigiza. Macho yaliona msumari, ubongo ukakusanya ushahidi uliokuwepo na kutoa hukumu ya hatari, na hukumu hiyo ndiyo aliyoisikia kama maumivu. Ndivyo mwili unavyofanya kazi siku zote. Katika maumivu sugu, kengele imekuwa nyepesi kupita kiasi: neva za uti wa mgongo na ubongo zimezoea kupitisha maumivu, zinakuza taarifa ndogo. Shuka ikigusa ngozi inauma. Kukaa dakika 10 kunauma kama ulibeba gunia. Usingizi mbaya, hofu na msongo wa mawazo huzidisha ukali wa kengele hiyo, na ndiyo sababu tiba ya mazungumzo na mpangilio wa usingizi huwekwa kwenye matibabu, si kwa sababu mtu anadhaniwa anasingizia. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeyapa maumivu sugu nafasi yake kama ugonjwa unaojitegemea.

Pengine neva yenyewe ndiyo imeumia: kwa kisukari, virusi vya Ukimwi, mkanda wa jeshi, pombe nyingi, au upungufu wa vitamini B12. Maumivu yake yana lugha yake. Yanaunguza, yanachoma kama sindano, yanapiga kama umeme, na mara nyingi yanaandamana na ganzi mahali palepale. Mweleze daktari kwa maneno hayohayo, kwa sababu "mguu unauma tu" humpeleka kwenye dawa nyingine.

"Pumzika mpaka yaishe"

Ushauri huu hutolewa kwa upendo, na unadhuru. Huko Finland, mwaka 1995, watu wenye maumivu mapya ya kiuno waligawanywa: wengine walale siku 2, wengine wafanye mazoezi maalumu, wengine waendelee na shughuli zao kadiri wanavyoweza. Kundi la mwisho ndilo lililopona haraka zaidi. Kitanda hudhoofisha misuli, hukakamaza viungo, na huufundisha ubongo kwamba kila mwendo ni hatari.

Ila kuna kosa la upande wa pili, na wanaolifanya ni watu wachapakazi. Siku njema ikija, mtu anafidia: anafua, anapanga nyumba, anabeba, anatembea safari ndefu. Kesho yake yuko chini, siku 3. Baada ya mizunguko kadhaa anaamini mazoezi ndiyo yanayomuumiza. Tafuta kiasi unachoweza hata siku mbaya, iwe ni dakika 8 za kutembea, kisha fanya hizo 8 siku mbaya na siku njema, bila kuzidisha kwa furaha. Wiki inayofuata ongeza dakika 1. Maumivu yakipanda kidogo na kutulia ifikapo kesho, uko sawa. Yasipotulia, rudi nyuma hatua moja, usirudi kitandani. Kuhusu aina ya zoezi, kutembea, kuogelea, kunyoosha viungo au kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo, hakuna bingwa mmoja. Bora ni lile ambalo bado utakuwa unalifanya miezi 6 ijayo.

Na kulala sakafuni au juu ya ubao? Hispania walilijaribu jambo la ugumu wa kitanda mwaka 2003 kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Godoro la ugumu wa kati lilishinda gumu.

Mkanda wa kiuno nao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haushauri utumike, wala mashine za kuvuta uti wa mgongo, wala zile za kupitisha umeme mdogo kwenye ngozi. Unaunga mkono mazoezi, elimu, tiba ya mazungumzo, kukandwa, kunyooshwa mgongo na mtaalamu, na tiba ya kuchomwa sindano nyembamba zisizo na dawa (akyupancha).

"Daktari kaniandikia dawa ya wagonjwa wa akili"

Mtu anasoma karatasi iliyomo kwenye boksi la amitriptilini, anaona imeandikwa sonona, anaitupa. Au gabapentini, anaona kifafa. Anahisi amedharauliwa.

Dawa hizi zinatumika kwa sababu parasetamoli na dawa za kupunguza uvimbe, kama diklofenaki na ibuprofeni, hufanya kidogo sana pale neva yenyewe inaporusha cheche. Amitriptilini huongeza nguvu ya njia za ubongo zinazoshusha chini sauti ya maumivu. Huanza na miligramu 10 usiku, wakati kwa sonona dozi mara nyingi hufika 75 hadi 150. Gabapentini na pregabalini hutuliza neva inayofyatuka ovyo. Duloksetini ipo pia.

Sasa ukweli wa pande zote mbili. Hazifanyi kazi kwa siku 2. Zipe wiki kadhaa, zikipandishwa taratibu. Wala si miujiza: uchambuzi mkubwa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kati ya watu 4 hivi wanaotumia dawa za kundi la amitriptilini, 1 hupata nafuu ya nusu au zaidi ambayo asingeipata kwa kidonge kisicho na dawa. Kwa pregabalini ni 1 kati ya 8 hivi. Isipokufaa baada ya jaribio la haki, omba nyingine, hujashindwa wewe. Na zisitumike kila mahali: jaribio la Australia la mwaka 2017 liliona pregabalini haikukishinda kidonge kisicho na dawa kwa siatika, ila ilileta kizunguzungu zaidi. Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, mwongozo ule wa 2023 hauzishauri kabisa, kama usivyoshauri dawa za jamii ya mofini.

Zinaleta usingizi, mdomo mkavu, pengine uzito. Mwenye ugonjwa wa moyo amtajie daktari kabla ya amitriptilini. Usichanganye na pombe, na usiziache ghafla.

"Ni figo hizo"

Mara chache. Figo zikiuma, maumivu hukaa juu, chini ya mbavu, mara nyingi upande mmoja, hayabadiliki ukiinama au kugeuka, na huambatana na homa au mabadiliko ya mkojo. Kinachokera ni kwamba mwenye hofu ya figo ndiye anayemeza diklofenaki miezi mitatu mfululizo, dawa ambayo ikizidi huumiza figo kwelikweli, na tumbo pia.

"Vitamini haina madhara"

B6 ina. Kwa dozi kubwa zilizotumika muda mrefu, vitamini hii huharibu neva na kuleta ganzi na moto wa miguu, yaani dalili zilezile zilizomfanya mtu ainunue. Kiasi kidogo cha hiyohiyo B6 ndicho hupewa anayetumia isoniazidi kwa kifua kikuu ili kulinda neva zake. Soma kiasi kilichoandikwa kwenye chupa, na kama unatumia aina mbili au tatu za vidonge vya "neva", jumlisha.

B12 ni habari tofauti: ikipungua inaumiza neva, na wanaotumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka wako katika hatari, hivyo kipimo cha damu kina maana kuliko kubahatisha. Mwenye ganzi miguuni asijikande kwa chupa ya maji moto. Ataungua bila kujua. Akague nyayo kila siku, kwa kioo ikibidi.

Pilipili, kwa upande mwingine, ni tiba halali: krimu ya kapsaisini, kile kinachoifanya pilipili iwashe, hupunguza maumivu ya neva za juu juu, lakini inahitaji kupakwa mara kadhaa kwa siku kwa wiki nyingi, inaunguza mwanzoni, na ole wako ukisahau kunawa kabla ya kugusa jicho.

"Nimeshayazoea, ni yaleyale"

Nimetumia maneno mengi kusema kwamba maumivu si lazima yawe uharibifu. Hapa naomba ugeuze sikio, kwa sababu aliyeishi na maumivu miaka 10 ndiye anayechelewa kugundua kitu kipya.

Homa, jasho la usiku, kukonda bila sababu, au maumivu yasiyotulia kwa mkao wowote, usiku na mchana, yanahitaji kuchunguzwa upya, hasa kwa aliyewahi kuugua saratani au kifua kikuu, kwani vyote viwili huingia kwenye pingili, na kifua kikuu hufanya hivyo polepole. Aliyeanguka vibaya naye asingoje, hasa akiwa mzee au akiwa ametumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.

Na kuna dalili za saa, si za siku: ganzi sehemu za mwili zinazokalia kiti cha baiskeli, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila kujijua, kushindwa kubana choo, miguu yote miwili kuishiwa nguvu. Hizo zinasema neva za chini ya uti wa mgongo zimeminywa zote kwa pamoja. Zikichelewa kufunguliwa kwa upasuaji, kibofu na miguu huenda visirudi. Hapo hakuna kungoja miadi ya wiki ijayo wala kujaribu zoezi jipya. Ni chumba cha dharura, usiku huohuo.