Kurudishia weusi wa saa: maana yake hasa

Mwenye saa nyeusi ya chuma iliyochubuka pembeni humwambia fundi, "Nipigie rangi tena." Kama saa ni ya bei ya chini, ombi lake ni sawa, kwa sababu weusi wake mara nyingi ni rangi kweli. Lakini kama ni saa ya PVD au DLC halisi, pale hakuna rangi ya kupaka, na kazi anayoiomba ni nyingine kabisa.

PVD ni njia ya kuvisha chuma utando mwembamba ndani ya chumba kilichofyonzwa hewa. Metali kama titani au kromi hugeuzwa mvuke, huungana na gesi, kisha huganda juu ya bodi ya saa. Rangi hutokana na mchanganyiko. Titani na nitrojeni hutoa rangi ya dhahabu, na saa nyingi za "gold" zisizo na dhahabu yoyote zimetokea hapo. Ukitia kaboni, rangi hukolea kuelekea nyeusi. DLC ni utando wa kaboni, ambao chembe zake baadhi zimeshikana kama katika almasi na nyingine kama katika grafaiti. Ndiyo maana ni mweusi na mgumu kwa pamoja.

Unene wake kwa kawaida ni mikroni 1 hadi 5 tu, wakati unywele wa mtu una kama 70. Mtwara hili halihitaji maelezo marefu, kwani anayenunua vinyago vya Kimakonde anajua kutofautisha mpingo na mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu. Saa ya kauri nyeusi ni mpingo, nyeusi hadi ndani. Saa ya DLC ni ule mti mwingine, ila dawa yake ya viatu ni ngumu kuliko mti wenyewe.

Na hapo ndipo tatizo lilipo. Chuma cha saa kinachoitwa 316L kina ugumu kati ya 150 na 200 hivi kwa kipimo cha ugumu wa metali kiitwacho Vickers. DLC kwa kawaida hupita 1,000. Ukiigonga saa kwenye nguzo ya bandarini, chuma hubonyea, na utando uliokosa pa kuegemea hupasuka. Kwa hiyo ule weupe unaouona kwenye kingo mara nyingi haukuletwa na kulika polepole.

Kiraka hakiwezekani. Lazima utando wote utolewe, na hii ndiyo sehemu ngumu. Msasa hula chuma laini cha kingoni haraka kuliko unavyoula utando. Kupuliza chembe za kioo au mchanga kwa upepo wa kompresa kunautoa, lakini kunafuta mng'aro na mistari ya kiwandani, na kingo hugeuka mviringo. Utando wa titani na nitrojeni huyeyushwa kwa hidrojeni peroksaidi ya uvuguvugu, na chuma kikabaki salama. DLC haijali hata asidi. Huchomwa kwa plazma ya oksijeni, yaani gesi iliyotiwa umeme, hadi kaboni iondoke kama gesi. Chini yake hubaki tabaka la kromi au titani lililowekwa kama gundi, nalo hutolewa peke yake.

Kisha chuma kisuguliwe upya, kwa sababu utando haufichi kitu: mkwaruzo ulioachwa utarudi ukiwa mkwaruzo mweusi. Bodi iingie mtamboni ikiwa tupu, bila mashine, kioo wala mipira ya kuzuia maji. Joto la humo huweza kupita nyuzi 150, na mpira au hata mafuta ya kidole hutoa mvuke unaoharibu mshiko. Saa ikirudishiwa vitu vyake, iwekewe mipira mipya na kupimwa presha, hasa kwa mtu wa Mikindani au Msimbati anayeingia nayo baharini.

Fundi mwenye meza na lenzi ya jichoni anaweza kufungua, kusugua na kufunga, na kwa saa ya kila siku ningemwomba afanye hayo tu: atoe weusi wote, aache chuma cheupe chenye mistari. Kurudishia DLC kunalipa kwa saa ya thamani pekee, na hata hapo wakusanyaji wa saa za zamani hupendelea ngozi ya awali iliyochoka. Anayekuahidi PVD kwa kopo la spreyi, uichukue jioni, anakuuzia rangi.

Kujua uliyonayo, gusa sehemu iliyojificha kwa pamba yenye asetoni ya kutolea rangi ya kucha. Pamba ikitoka nyeusi, ni rangi. Ikitoka safi bado si ushahidi, maana rangi iliyookwa nayo huvumilia. Iweke mbali na kioo: kama ni cha plastiki, asetoni itakifanya kiwe na ukungu.