Kuzuia vipokezi vya glutamati katika kiharusi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Glutamati ni sumu, hivyo kuizuia hakuna hasara.

Glutamati ndiyo kemikali kuu ambayo chembe za neva hutumia kuamshana, na bila hiyo hatujifunzi wala hatukumbuki. Balaa huanza mshipa unapoziba: chembe zilizokosa oksijeni huimwaga bila kipimo, vipokezi vya NMDA, yaani milango ya chembe ambayo glutamati huifungua, hubaki wazi, na kalsiamu huingia ndani kwa wingi hadi kuziua. Dawa inayovifunga vipokezi hivyo huvifunga hata katika sehemu zenye afya. Ndiyo sababu waliopewa selfotel, mojawapo ya dawa hizo, walifadhaika na kuona mambo yasiyokuwapo, na majaribio yake yakasitishwa katika miaka ya 1990 kwa hofu kwamba vifo vilikuwa vikiongezeka.

Dhana: Kikwazo kilikuwa madhara tu.

Gavestinel, dawa nyingine ya kuzuia vipokezi hivyo, ilivumilika vizuri, lakini haikusaidia.

Dhana: Dawa zilifeli kwa sababu zilichelewa.

Hoja hii ina uzito, kwa kuwa panya wa maabara mara nyingi alidungwa kabla ya mshipa kuzibwa au dakika chache baadaye, ilhali binadamu alisubiri saa kadhaa. Jaribio la FAST-MAG la California, lililochapishwa mwaka 2015, lilikusudia kuliziba pengo hilo kwa magnesiamu salfeti, dawa ile ile ambayo wakunga wetu huitumia kwa kifafa cha mimba, na ambayo magnesiamu yake ndiyo kizibo cha asili cha kipokezi cha NMDA. Daktari alizungumza na mgonjwa au ndugu zake kwa simu ili kupata ridhaa, na wahudumu wa ambulensi wakaanza kumpa dawa kabla hajafika hospitali. Kati ya wagonjwa 1,700, waliopewa ama magnesiamu ama maji yasiyo na dawa, karibu robo tatu walianza kupewa ndani ya saa ya kwanza. Hata hivyo, baada ya siku 90 ulemavu wa waliopewa magnesiamu haukutofautiana na wa wenzao waliopewa maji hayo. Kwa maoni yangu, tangu hapo kuchelewa pekee hakutoshi kuwa maelezo, ingawa ni kweli pia kwamba magnesiamu hupenya polepole kuingia ubongoni.

Dhana: Utafiti umefungwa.

Nerinetide, dawa iliyojaribiwa baadaye, haifungi kipokezi. Hukata ishara ya uharibifu inayotoka kwenye kipokezi kwenda ndani ya chembe. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020 haikuwanufaisha wagonjwa 1,105 kwa ujumla, lakini wale ambao hawakupewa alteplase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, walionekana kupata nafuu. Jaribio lililofuata, lililowahusu wasiopewa alteplase, halikuithibitisha nafuu hiyo.