Piki nene haikati nyuzi

Hapa Tanga, mji uliotoa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, anayeanza gitaa bado huambiwa: shika piki (kile kipande kidogo cha kucharazia nyuzi) nyembamba, nene itakukatia nyuzi. Si kweli. Piki nyingi ni plastiki, uzi ni chuma. Kinacholika ni piki. Nyuzi zetu huliwa na kutu, kwa upepo wa bahari wenye chumvi na jasho la vidole, au hukatika pale zinaposuguana na chuma chenye makali kwenye daraja la gitaa, pale nyuzi zinapokaa juu ya mwili wake. Zifute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga, tafadhali.

Piki ya unene wa milimita 0.46 hupinda, na kwa kucharaza rizimu, nyuzi kadhaa kwa pamoja, ni tamu kweli. Kwenye solo, unapopiga uzi mmoja mmoja, huchelewa, maana lazima inyooke kwanza kabla ya kugusa uzi unaofuata. Mimi mwanafunzi ningempa ya 0.73, kisha ajaribu ya milimita 1. Piki ya nailoni hudumu, ya seluloidi (aina nyingine ya plastiki) ina sauti nzuri ila ncha yake huisha mapema. Piki za kawaida ni bei ndogo kuliko seti ya nyuzi, kwa hiyo nunua unene mbalimbali, vidole vichague.