Bahari Haijakauka, Imekupwa

Simu iliingia Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi. Mteja wangu wa Milimani, hapa Kisumu, mama wa watoto watatu, alikuwa amesimama kwenye baraza ya kotegi kule Tiwi, pwani ya Kenya, kusini mwa Likoni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Dada, umetuuzia matope! Bahari imekauka. Hapa ni mawe na majani, maji yako kule mbali." Nikamuuliza mwezi ulikuwaje usiku uliopita. Akasema ulikuwa mzima, unawaka hadi watoto walicheza nje bila taa. Nikamwambia awapikie, wapumzike, saa tisa watoke na taulo. Jioni alinitumia picha: maji yamefika ngazi za bustani na vijana wake wamelowa hadi nywele.

Kazi yangu ni kuzitafutia familia za Kisumu na Nakuru nyumba tulivu za ufuoni, mbali na hoteli kubwa na muziki wake. Malalamiko hayo nimeyapokea mara nyingi mno, na wengine hunidai pesa zao kabla hata sijafungua mdomo. Naelewa yanakotoka. Sisi tumelelewa na ziwa. Pale Dunga, maji uliyoyaacha asubuhi ndiyo unayoyakuta jioni. Ziwa likipanda, hupanda kwa mvua na hukaa miezi, kama lilivyofanya 2020 likaingia hadi nyumbani kwa watu. Watu wa Nakuru nao waliona ziwa lao likifunika lango kuu la hifadhi. Kwa mtu kama huyo, maji yakirudi nyuma mamia ya mita, lazima kuna kitu kimeharibika.

Hakuna kilichoharibika. Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kwa mvuto wa mwezi na jua. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ndiyo maana ratiba ya jana haifai kesho. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mchanga, huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ya mita 3 na zaidi. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na tofauti hubaki mita 1 hivi.

Sasa shikeni hili, kwa maana nalirudia kila wiki. Pwani ya Kenya, siku za bamvua, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi, saa kumi na moja jioni. Wiki moja baadaye mambo yamegeuka: maji yamejaa asubuhi, yanapwa alasiri. Kwa hivyo, kabla ya kuniuliza bei, niulizeni mwezi. Familia inayotaka watoto waogelee baada ya chai ya asubuhi, naipeleka wiki ya maji mafu. Inayotaka kutembea hadi mwambani, ule ukuta wa matumbawe unaozuia mawimbi, naipeleka bamvua. Wenye nyumba nao wana lawama yao. Wengi hupiga picha maji yamejaa tu, na mgeni akifika saa nne anadhani kaletwa kwingine. Mimi siku hizi humtumia mteja picha mbili za ufuo uleule, yamejaa na yamekupwa, ndipo alipe.

Tena wanaolalamika hukosa saa nzuri kuliko zote. Maji yakikupwa Tiwi, miamba huacha madimbwi ya maji safi, na moja lina umbo la bara la Afrika. Mwezi uliopita nilichuchumaa kando ya mzee aliyekuwa akitafuta pweza. Aliingiza fimbo kwenye tundu lisilozidi upana wa kikombe, akangoja, mkono wake mmoja umekunjika majini, kisha ukatokea mkono wa pweza ukijizungusha kwenye fimbo taratibu. Mwanangu alikuwa akihesabu viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, dimbwini, akaacha. Hakuna hoteli inayouza asubuhi kama hiyo.

Lakini nendeni na raba miguuni, kwa sababu kuna viumbe vyeusi vyenye miiba kama sindano kati ya mawe. Anzeni kutembea kuelekea mwambani muda wa saa moja kabla ya maji kufika chini kabisa, na yakianza kugeuka, mgeuke nayo. Maji hayarudi kwa mstari mmoja. Hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yenu, na mtu anayetazama mbele tu hujikuta amezungukwa. Na msiogelee karibu na mlango wa mwamba, yaani pengo linalofungukia bahari kuu, wakati maji yanapwa. Maji yote ya ndani hutokea hapo, na yana nguvu.

Majani mnayoyaona ufuoni si uchafu. Ni nyasi za baharini zilizong'olewa na mawimbi, chakula cha kasa. Msimwambie mlinzi azichome.

"Tumelipia kotegi, mbona wavuvi wanapita mbele yetu?" Kwa sababu mmelipia nyumba. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaihesabu ardhi yote kati ya maji yanapojaa na yanapokupwa kuwa ya umma. Wasalimieni. Hao ndio watakaowauzia samaki wa jioni, changu ambaye hajawahi kulala kwenye barafu.

Wengine hukimbia mvua ya Aprili hapa kwetu wakidhani Pwani kuna jua. Aprili na Mei ndiyo masika yao. Agosti ni majira ya kusi, upepo wa kutoka kusini, na ubaridi kidogo, na nje ya mwamba bahari huchafuka. Anayetaka maji matulivu na jua kali aende Januari au Februari, wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini.

Makombe ya baharini msiokote, hasa ndani ya hifadhi za baharini kama Watamu na Kisite, ambako hakuna ruhusa ya kutoa kitu. Hata lililo tupu huwa nyumba ya kaa atakayehamia. Vyandarua tumieni, upepo wa bahari haufukuzi malaria.

Na maji ya bomba. Kotegi nyingi za ufuoni hutegemea visima, na kisima kilicho karibu na bahari huwa na chumvi. Ya kuoga yanafaa, ya chai hayafai. Pitieni Ukunda, mji ulio karibu, mnunue mitungi ya maji ya kunywa kabla ya kukata kuelekea ufuoni, kwa sababu kule maduka ni adimu.